Mng'ao Mweupe

Kabla hajawa daktari, kabla hajawa baba wa mtu wala babu wa mtu, alikuwa kaka wa mtoto mmoja wa kike ambaye jicho lake la kushoto liling'aa. Ukimkalisha karibu na taa na kumgeuza uso kidogo, mboni ile ilirudisha mwanga mweupe kama wa jicho la paka. Nyumba nzima ilifurahia. Wageni wakija, mtoto huletwa sebuleni waone. Shangazi mmoja akampachika jina la Paka, naye akiitwa hivyo anaitika kwa kulia nyau, watu wanavunjika mbavu. Mshika taa alikuwa kaka mtu.

Mwaka haukwisha. Jicho lilivimba, likasukumwa mbele, na yule mtoto akazikwa bila mtu kuweza kusema kilichomuua. Jina lile halikutajwa tena nyumbani. Taa mama yao akaigawa.

Kijana alikua, akasoma, akasomea macho. Katika mwaka wake wa tatu wa udaktari aligeuza ukurasa wa kitabu akakutana na picha ya mtoto asiyemjua, mwenye mng'ao uleule, na chini yake neno moja: saratani. Alikifunga kitabu, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Hakumwambia mtu.

Alikuwa daktari hodari, lakini waliomjua watakwambia kwamba alikuwa baba hodari zaidi. Mchana alivua koti jeupe akaenda kula nyumbani hata kama wagonjwa wamejaa hadi kwenye veranda. "Watu wangu nao wananisubiri," alisema. Aliwakata wanawe kucha mwenyewe. Aliwasuka mabinti nywele, mistari ikaenda upogo, mama yao akafumua na kuanza upya. Mtoto akiugua homa, hakuna aliyeruhusiwa kumbeba ila yeye.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo ule, awe wake au wa ndugu zake, alimmulika. Kabla hajasema hongera, kabla hajauliza mtoto kafanana na nani, alitoa tochi ndogo mfukoni mwa shati, akainua kope moja kwa kidole gumba, kisha ya pili. Chumba kizima kilinyamaza bila kujua kwa nini kimenyamaza. Mwanga uliporudi mwekundu kama kaa la moto, ndivyo unavyotakiwa kurudi, mabega yake yalishuka, na hapo ndipo hongera ilipotoka.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "siku moja utammulika bibi harusi mbele za watu."

"Fundi viatu humtazama mtu miguu. Ndiyo kazi."

Mkewe alicheka, wajukuu wakamwita Babu Tochi, na wakwe zake wa kike wakajifunza kutazama pembeni wakati mzee anamulika, maana uso wake nyakati hizo haukuwa wa babu. Ulikuwa wa mtu anayefungua mlango wa chumba alichosikia humo mchakacho. Mkewe alifariki katika uzee mwema bila kupata kusikia habari za Paka.

Kitinda mimba wake alichelewa kuolewa na akachelewa zaidi kuzaa. Alipojifungua binti, mzee alimmulika kama wote. Mwekundu. Akapumua. Mtoto alianza kubwabwaja mapema kabla hata hajakaa vizuri, wakamwita Chiriku.

Jumapili moja walikuwa nyumbani kwa kitinda mimba huyo, wamekwisha kula, mtoto kalala chumbani. Mkwewe, mume wa kitinda, akasogeza kiti. "Baba, hebu muone mjukuu wako alivyojaa kwenye beseni," akampa simu.

Mtoto alikuwa anacheka, povu kichwani. Jicho moja lilikuwa jekundu, kama macho yanavyokuwa kwenye picha. La kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa.

"Kamera ya simu hii mbovu," mkwe alisema huku akicheka. "Kila picha inamtoa hivyohivyo."

"Kila picha?"

"Za wiki hizi zote, Baba. Jicho hilohilo."

Mzee aliiweka simu mezani, kioo kikitazama chini. "Mwamsheni," alisema.

Kitinda alimjua baba yake tangu utotoni, na sauti ile hakuwahi kuisikia. Alimleta mtoto begani, bado mzito wa usingizi. Tochi ikawashwa. Jicho la kulia, kaa la moto. La kushoto... Mzee hakushusha mkono haraka. Aliangalia, akaangalia tena, na kwa sekunde chache hakuwa na miaka sabini na kitu. Alikuwa mvulana aliyeshika taa, na nyuma yake wageni wanacheka.

"Kesho asubuhi twende hospitali. Jicho hili lina uvimbe ndani. Wataliondoa."

"Wataliondoa vipi, Baba?" mkwe akauliza. "Mtoto anakula, anacheza, hana hata mafua!"

"Ndivyo uvimbe huu unavyokuja. Haubishi hodi."

"Hapana." Kitinda alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. "Si mwanangu. Mtampa dawa, mtamfanyia mengine, lakini kumng'oa mtoto jicho! Huyu ndiye mjukuu unayesema unampenda?"

Basi ndipo mzee alipowaambia. Aliwaambia kuhusu taa, na wageni, na nyau, na jinsi watu walivyovunjika mbavu, na kaburi lilivyokuwa fupi. Alieleza bila kulia, kama anavyosoma majibu ya mgonjwa. Alipomaliza, kitinda alikuwa amelegeza mikono. Chiriku alikuwa akiivuta tochi kutoka mkononi mwake, anataka kuitia mdomoni.

Kulipokucha wakaenda.

Aliyemfanyia mtoto upasuaji alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke makini mwenye mikono tulivu, ambaye bado alimwita Mwalimu. Jicho likaondolewa. Mshipa wa nyuma ya jicho, ule unaoelekea kwenye ubongo, ulikuwa safi. Saratani haikuwa imevuka. Wakashukuru wote, wakakumbatiana kwenye korido. Lakini yule daktari hakukumbatiana na mtu. Alisubiri mpaka wengine walipotawanyika.

"Mwalimu, ugonjwa huu mara nyingine ni wa kurithi. Nataka kupima ukoo mzima."

"Nimewapima mimi miaka yote."

"Kwa tochi. Mimi nataka kutia matone, mboni ifunguke, nione mpaka pembeni." Akasita. "Na wewe pia."

Mzee akacheka. "Mganga hajigangi, mama."

"Ndiyo maana nipo mimi."

Akaketi kwenye kiti alichokuwa akiwakalisha wengine. Matone yalichoma. Aliegemea, akasikia pumzi ya mwanafunzi wake karibu na shavu, akasikia kiti cha daktari kikisogea upande wa pili. Kisha kimya. Kimya kile alikijua vizuri. Alikuwa amewanyamazia hivyohivyo maelfu ya watu kabla ya kutafuta maneno.

"Umeona nini?"

"Kovu, Mwalimu. La zamani sana. Lipo pembeni kabisa, halijawahi kukusumbua."

"Kovu la kitu gani?"

Daktari hakumjibu, maana aliyemfundisha jibu hilo ni mzee mwenyewe. Wapo wachache, wachache mno, ambao uvimbe ule huwaotea utotoni kisha ukanyauka wenyewe, ukabaki kovu. Mtu anaishi, anaoa, anazaa, na mbegu anayo. Kikulacho ki nguoni mwako. Maisha yake yote alikuwa amemmulikia mwizi dirishani na mlangoni, kumbe mwizi kalala naye kitanda kimoja.

Alimwambia kitinda mimba wake siku hiyohiyo, kwenye benchi nje ya wodi, macho yake bado yana ukungu wa dawa.

"Ugonjwa umetoka kwangu, mwanangu. Nimekupa wewe, nawe bila kujua umempa mtoto."

Kitinda alimgeukia. "Ungejua, ungetuzaa?"

Mzee alifungua mdomo. Aliwaona wanawe wote wakiwa wadogo, mistari ya nywele upogo, kucha zimekatwa. Alifunga mdomo. Binti yake aliona alivyoufunga, akamshika mkono, wala hakuuliza tena. Kitinda hakuzaa mtoto mwingine. Watu walipomuuliza, alisema mmoja huyo ana kelele za watoto sita.

Na kweli alikuwa nazo. Chiriku alikua na jicho la bandia alilolifanyia kila aina ya mzaha. Shuleni alilichomoa mara moja akaliweka juu ya dawati la mwalimu aliyesema hamwangalii anapofundisha. Akasoma, akapata mchumba, kijana mpole fundi wa mafriji. Siku alipomleta, mzee alikuwa amevuka tisini, haoni vizuri, kavaa shati lililopigwa pasi. Alimweleza kijana yote.

"Kila mtoto?" kijana akauliza.

"Kila mtoto ni nusu kwa nusu. Kama kurusha sarafu."

Kijana alizungusha kofia yake magotini. "Babu, hata mafriji huwa siahidi kwamba yatapona," alisema mwishowe. "Lakini nikishachukua kazi siiachi."

Wakaoana. Mtoto akaja, wa kiume, mwenye mapafu ya tarumbeta. Wiki hiyohiyo wakampeleka hospitali, na yule mwanafunzi wa zamani, sasa mvi tupu, akamtia matone.

Mzee alikataa kuingia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutaka kuwa wa kwanza kuona. Walimwacha kwenye korido kwenye kiti chake cha magurudumu, mikono juu ya fimbo, wauguzi wakipita kama vivuli. Mlango ulifungwa. Mtoto alilia, akanyamaza. Ukimya ukaendelea mpaka akatamani mtoto alie tena.

Mlango ukafunguliwa. Hatua za kitinda mimba wake alizitambua, ila uso wake hakuweza kuusoma. Ulikuwa doa tu kwenye mwanga wa dirisha. Aliketi kando yake, akamshika mkono uleule aliomshika kwenye benchi.

"Kivimbe kimoja, Baba. Kidogo kama punje ya ulezi. Jicho la kulia. Wanasema wamekiwahi, watakichoma kwa mwanga, jicho litabaki. Ila watamwangalia kila mwezi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Kila mwezi," alirudia. "Na mama yake? Anasemaje?"

"Kalia. Halafu akafuta uso, akasema mtoto ana pua yako, maskini."

Mzee alitaka kucheka, kikatoka kikohozi. Nyuma ya mlango, kitukuu wake alianza kulia upya kwa nguvu zote, na wao wawili wakakaa wakisikiliza, wameshikana, mpaka muuguzi alipokuja kuwaita.