Chakula cha Kusubiriana

Tonge la tatu lilikataa kushuka. Vicent alilisukuma kwa ulimi, akalifuatisha na maji, kisha akaitazama sahani yake kama mtu anayetazama ekari tano zilizobaki na jua limeshazama. Upande wa pili wa meza, mkewe Tekla alikuwa amekula matonge mawili tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado kwenye maharage, wa kushoto juu ya tumbo la miezi saba, na macho ameyafumba. Alikuwa amelala akiwa ameketi.

"Mwalimu," Vicent aliita polepole. "Kula."

"Ninakula," Tekla alijibu bila kuyafumbua macho.

Hivyo ndivyo jioni zao zilivyokwisha tangu mvua za kwanza zilipolainisha udongo wa Masakta na kila mwenye shamba akaanza kulitafuta trekta. Vicent ndiye aliyeliendesha. Alitoka nyumbani hakujapambazuka, na saa ya kurudi ilijulikana na ekari ya mwisho peke yake. Tekla naye alifundisha darasa la pili, watoto themanini na wawili, akirudi miguu imevimba hadi viatu vinamwachia alama.

Kwa sababu hiyo alikuwa ametengeneza ratiba ya chakula cha jioni kwenye karatasi ya daftari, akaibandika ukutani. Haikuwa na amri ratiba ile, ilijaa "au". Jumatatu maharage, au kunde zikiwahi kuiva. Jumanne dagaa, au mboga za majani na maziwa ya mgando. Ijumaa mayai kwa viazi, au viazi vitupu kama kuku wamegoma. Kila Jumapili alichemsha sufuria kubwa ya maharage ya siku tatu, ili jioni ibaki kazi ya kuunga tu. Vicent aliipenda karatasi ile. Aliwasimulia madereva wenzake kwamba mke wake ana akili ya kuipangia hata njaa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo karatasi haikulijua. Huku, anayelimiwa humlisha dereva. Sinia huletwa shambani jua likiinama, na dereva anayekataa huonekana ameidharau nyumba. Kwa hiyo kila jioni Vicent alikula shambani akashiba, kisha akarudi nyumbani kukuta sahani mbili zimefunikwa na mwanamke aliyechoka ameketi anamsubiri. Angesemaje? Siku ya kwanza alinyamaza kwa huruma, akala tena. Siku ya pili alinyamaza kwa sababu alikuwa amenyamaza jana. Sasa ilikuwa wiki ya sita, na huruma ile ilikuwa imegeuka uongo wenye mizizi.

Alhamisi waliongozana kliniki. Nesi Konsolata alipitisha utepe wa kupimia juu ya tumbo la Tekla, akaandika, kisha akaupitisha tena kama mtu asiyeamini macho yake.

"Tumbo limebaki nyuma wiki tatu," alisema. "Na uzito wako, mama, umesimama palepale."

Vicent alijiona ametukanwa mbele ya watu. Akajibu yeye kabla ya mkewe: nyumbani kwake hakuna kinachokosekana. Akaitaja ratiba yote, siku kwa siku, pamoja na "au" zake. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri sana, baba. Anakula saa ngapi?"

"Tunakula pamoja. Nikirudi."

"Unarudi saa ngapi?"

"Ekari ya mwisho ikiisha," Vicent alisema. Nesi akamgeukia Tekla, akamuuliza baada ya uji wa saa nne shuleni anakula nini mpaka usiku. Tekla akasema chai. Akaulizwa kama hasikii njaa, akazitazama kucha zake.

"Ninaisikia. Ikisubiri sana inaondoka yenyewe."

Walipewa wiki mbili. Tumbo lisipoongezeka, Tekla angepelekwa hospitali ya wilaya, akae huko chini ya uangalizi mpaka ajifungue. Njiani Vicent alifoka. Hasira yake ilikuwa nyepesi kuwaka, hasa pale mwenye kosa alipokuwa yeye mwenyewe. Aliamuru kwamba kuanzia leo Tekla atakula saa kumi na mbili, awepo asiwepo. Tekla akasema sawa. Lakini usiku ule aliporudi kutoka shambani, sahani zilikuwa mbili, zimefunikwa. Mama yake, Tekla alieleza kwa upole, hakuwahi kumtangulia baba kula hata siku moja. Na yeye atamezaje chakula akijua mwenzake yuko juu ya chuma na njaa? Vicent alifungua mdomo, akautia tonge.

Siku iliyofuata alikuwa tena Gitting, akiendelea kulima shamba la Mzee Akonaay. Jua lilipoinama, mke wa mzee, Mama Qamara, alileta sinia la ugali na mboga ya kunde. Vicent akanawa, kisha akabaki ameining'iniza mikono yake inayodondosha maji.

"Naomba unisamehe, mama. Leo sili."

Mama Qamara aliuliza kama chakula chake cha jana kilikuwa na mchanga. Na Vicent, ambaye hakuwahi kumtolea mtu jambo la nyumbani kwake, akajikuta anaeleza yote: sahani mbili, utepe wa nesi, amri aliyoitoa na ilivyopuuzwa. Mama yule alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kwa hiyo wewe umekuwa ukishiba mara mbili," alisema, "na anayekula kwa ajili ya wawili hajashiba hata mara moja. Nenda nyumbani, mwanangu. Amri hiyo iache hapa. Mpelekee habari."

Aliacha ekari mbili hazijaguswa. Juu ya pikipiki ya kurudi nyumbani njaa ilimkamata sawasawa, kwani tangu asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu cha uji, na akaifurahia. Leo, aliwaza, watakula pamoja kwa haki. Alifika saa moja na nusu. Sahani zilikuwa mezani, mayai kwa viazi, na harufu ya kitunguu ilimpokea mlangoni kama mgeni aliyengojewa.

Aliketi bila kunawa.

"Tekla, huwa nakula shambani. Tangu tuanze kulima. Nikifika hapa nakuwa nimeshiba."

Tekla aliinua uso.

"Kila siku?"

"Kila siku."

 Tekla alivuta sahani yake, akaanza kula, na safari hii hakuyafumba macho. Ilipokwisha alinyoosha mkono, akavuta sahani ya mumewe, akaendelea. Vicent hakuweza kujua kama ni hasira iliyokuwa ikitafuna au ni nafuu. Alitaka kusema kwamba leo ni tofauti. Akautazama mkono ule ukienda na kurudi, na tumbo lililogusa ukingo wa meza, akanyamaza.

"Kesho mnalima wapi?" Tekla aliuliza, bado hamtazami.

"Kulekule Gitting. Nimebakiza ekari mbili."

"Huyo mama anapika vizuri?"

"Anapika."

"Basi kula huko, ushibe," alisema, akachukua kiazi cha mwisho.

Tumbo la Vicent likanguruma. Akakohoa, ili lisisikike.