Inchi Kumi na Sita

Begi la Ng'washi lilikuwa limeshafungwa. Baba yake, Ezekiel, fundi seremala pale Mafinga, akishaamua jambo kumbadilisha ni kazi.

"Kesho nampeleka Usangu kwa mama," alisema. "Akatibiwe kienyeji. Dawa za hospitali zimegoma."

Mbuke, mkewe, alilikodolea macho lile begi. Mtoto wa miaka miwili aondoke na matege yake, matone ya vitamini D yabaki kabatini! Na kosa lilianzia kwake mwenyewe. Kwa kuogopa baridi ya Mafinga alimfungia mtoto ndani ya mablanketi tangu azaliwe, jua akawa analisikia redioni.

Mezani zilikuwepo karatasi mbili za majibu ya kipimo cha vitamini D. Ya Mbeya, ya miezi mitatu iliyopita, ilisema 20. Ya Iringa, iliyotoka jana, ilisema 16. Miezi mitatu ya matone na kuota jua kila asubuhi, halafu kiwango kishuke? Mbuke alikataa kuamini, maana wiki ile ile mtoto alikuwa amesimama kwa kushika stuli. Akazikodolea macho zile karatasi mpaka akaona kitu: herufi ndogo zilizofuata namba hazikufanana.

Akapiga simu maabara ya Iringa, akaweka spika, akazisoma herufi za karatasi zote mbili. Mtaalamu, aliyejitambulisha kwa jina la Adrian, hakumcheka.

"Umeona vizuri, dada. Ya Mbeya ni nanomoli kwa lita, yetu ni nanogramu kwa mililita. Huwezi kuzilinganisha hivyo hivyo. Kwa vitamini D, chukua namba yetu uzidishe kwa mbili na nusu. Vitamini nyingine zina hesabu yake, usije ukachanganya."

Ezekiel alikunja uso. Hesabu za kwenye simu huwa haziamini. Mbuke akamchomolea futi yake kiunoni, ile ya kuvuta, upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita.

"Baba Ng'washi, inchi moja ni sentimita ngapi?"

"Mbili na nusu na kidogo," akajibu haraka, kisha akaigeukia simu.

"Haya, nionyeshe kumi na sita."

Akavuta. Kidole kikatua kwenye inchi kumi na sita, na upande wa pili ilikuwa arobaini na kidogo. Mbuke akakirudisha kidole kile mpaka sentimita ishirini, namba ya Mbeya. Inchi zilikuwa karibu nane.

"Alianzia nane," Ezekiel alisema taratibu. "Sasa kumi na sita."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Juzi tu alimfokea kibarua kwa kuchanganya inchi na sentimita!

"Dada, bado upo?" simu iliuliza. "Hajafika panapotakiwa, lakini anapanda. Msiache dawa, na mrudisheni kliniki."

"Tumesikia, daktari," Ezekiel akajibu.

Akafungua begi, akazirudisha nguo kabatini moja moja. Mbuke alilia kwa furaha, wala hakujificha. Kisha Ezekiel akamvua mtoto blanketi, akambeba mpaka uani, akamsimamisha juani na kuachia mkono mmoja. Ng'washi hakuanguka.