Mgongo wa Mwalimu Sakhidad

Sisi watu wa Ghazni tuna ugonjwa mmoja ambao daktari wa kambi hii ya wakimbizi ya Ugiriki hana dawa yake: ukituuliza hali, hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yetu, tunasema tunamshukuru Mungu. Asubuhi ya mahojiano nilimwonya Mwalimu Sakhidad, huku nikimpigia pasi shati kwa kitako cha sufuria.

"Mwalimu, leo usijifanye umekuja harusini. Lalamika. Waoneshe mgongo."

"Sawa, Barat. Wewe angalia kola yangu, unaiunguza."

Mgongo ndio uliokuwa kesi yake nzima. Alichapwa kwa kufundisha wasichana hesabu. Wakiamini, anapewa hifadhi. Wasipoamini, anarudishwa Uturuki, na kutoka huko kila mtu anajua safari inaishia wapi: nyumbani, mikononi mwa waliomchapa.

Alirudi mapema mno.

"Vipi?"

"Vizuri. Afisa ni binti mdogo, mpole sana. Kaniuliza kama niliumizwa, nikamwambia kidogo tu, yamepita."

"Kidogo! Na mgongo?"

"Nimvulie shati mtoto wa watu, Barat?"

"Ungeomba uhojiwe na mwanamume! Ni haki yako!"

"Aliniuliza kama naridhika naye. Ulitaka nimwambie usoni simtaki? Hata mgeni hafukuzwi hivyo."

"Mgeni ni wewe, Mwalimu!"

Akacheka. Nami nikacheka. Tukala maharage ya kambi, tukalala.

Jibu lilikuja kwa Kigiriki, nikamsomea kwa kile nilichojifunza hapa kambini. Ombi limekataliwa kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hakupata madhara makubwa. Alisikiliza kama anayesomewa habari za mvua ya mji mwingine. Kisha akauliza kama mkate umeshagawiwa.

Wakili wa rufaa alikuwa mwanamke vilevile, Despina, mtu wa haraka. "Mwenzangu wa kiume yuko Athens," alisema, nami nikatafsiri, "na muda wa rufaa unaisha kesho. Bila picha za makovu sina cha kupeleka. Lakini akikataa, nitamwelewa."

Mwalimu aligeukia ukuta wa kontena la ofisi, akashika pindo la shati, mkono ukakwama hapo hapo. Nilitafuta utani. Huwa sikosi. Nikamwinulia shati mimi.

Mwaka mzima tumelala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, na sikuwahi kuuona ule mgongo. Nikatazama kwingine.

"Mwambie ainame kidogo," alisema Despina.

Nikamwambia. Akainama. Simu ikalia mlio wa kupiga picha, tena na tena.

"Muulize walitumia nini."

"Waya wa umeme," Mwalimu aliuambia ukuta. "Waliukunja mara mbili."

Kisha akaendelea bila kuulizwa: nani alimshika mikono, nani alikuwa akichapa, wanafunzi wake walisimamishwa wapi ili watazame. Alisema polepole, kwa sauti ile ya darasani, akinyamaza kila baada ya sentensi ili nipate nafasi ya kutafsiri. Nilitafsiri. Mkono ulianza kufa ganzi, lakini sikuliachia shati.