Paa la Mama Nanyama

Mwaka wa 1949, aliyeruhusiwa kusoma katika shule ya Lokesheni, mtaa wa Waafrika hapa Eldoret, ni mtoto anayelala ndani ya Lokesheni tu. Nyumba ya Mama Nanyama ilikuwa hatua kumi na mbili nje ya jiwe la mpaka. Nilizipima mwenyewe. Yangu ilikuwa hatua thelathini, lakini sikuwa na mtoto, kwa hivyo sheria haikunisumbua.

Binti yake, Nangila, alisikiliza masomo kutoka upande wetu wa mpaka na kujibu hesabu kwa sauti. Mwalimu Walubengo alimwomba mama amnyamazishe, maana alikuwa akiwatangulia wenye haki ya kujibu.

Mama Nanyama alisumbua ofisi ya Lokesheni miezi mitano mpaka akapewa kiwanja kando ya shule. Akasimamisha kuta, akazikandika. Nyasi za kuezekea zilikuwa za mzungu mwenye shamba, naye alikuwa amezikataza mwaka ule, kwa hivyo lile paa la zamani ilibidi libebwe zima. Ijumaa asubuhi tukaingia chini yake wanaume kumi na sita. Aliye chini ya paa haoni kitu ila visigino vya mwenzake. Jirani yetu Kituyi akatangulia kutuelekeza: kulia, kushoto, shimo.

Mvua ikaanza. Kituyi akanyamaza. Baadaye alieleza kwamba alikuwa amevaa koti jipya, akakimbia kulikinga.

Tuliendelea mpaka wa mbele wakagonga ukuta. Tukainua, tukaweka, tukamshukuru Mungu. Tulipotoka tukakuta tumeezeka shule, ambayo kwa miaka miwili ilikuwa kuta tupu zikingoja mabati ya ofisi. Watoto walikuwa wamekaa na magunia kichwani. Mwalimu hakutusalimu. Alipangusa ubao akaendelea na saba mara nane.

Jumatatu akaja karani wa ofisi, Kipyego, akatazama juu, akaandika.

"Shule iko na paa," akasema. "Mabati tutapeleka kwingine."

"Hiyo ni paa yangu," akasema Mama Nanyama.

"Basi chukua, Mama. Utakuwa na nyumba ndani na mtoto ataandikwa. Lakini shule itafungwa, maana haitakuwa na paa."

"Na nikiiacha?"

"Shule itaendelea. Lakini wewe huna nyumba ndani, na mtoto hawezi kuingia."

Alisema kwa upole kabisa. Nilitamani kumzaba kofi, na mpaka leo natamani.

 Mama Nanyama akamuuliza Mwalimu kama mkewe angekubali Nangila alale kwao. Mwalimu akasema atakubali. Karani akasema anayelala ndani ni wa ndani. Mama akaenda kufunga blanketi ya mtoto. Nangila alikuwa na miaka minane, na yeye na mamake hawakuwa wamelala mbalimbali hata siku moja.

Kile kiwanja kisicho na nyumba ofisi ikakichukua. Mama alirudi kwenye kuta zake za zamani, akatandika turubai juu ya kona moja. Kuingia Lokesheni kulitaka kibali, naye sasa hakupewa tena. Mimi nilikuwa nacho, maana niliuza maziwa huko. Kila siku ya mvua alinisimamisha njiani.

"Shitanda, paa ya shule inavuja?"

"Haivuji, Mama."

Na nikifika shuleni, Nangila alinikimbilia kuniuliza kama mama ameshapata paa. Nikamwambia ameshapata. Nilidanganya wote wawili, mvua baada ya mvua, mimi ambaye maziwa yangu sikuwahi kuyatia maji.