Jino la Komanda

Adrien alipozikwa, paka wake aliacha kula. Mama Joséphine, mjane wake, hakushangaa. Paka huyo aliitwa Komanda, kwa sababu Adrien alimtoa katika mji wa jina hilo akiwa mdogo, amelala ndani ya mfuko wa koti. Kwa miaka tisa walikula pamoja, mzee kitini, paka miguuni pake.

Wageni waliofika nyumbani, mtaa wa Saio, kutoa pole walimwona Komanda akigeuza kichwa mbele ya ndagala, samaki wadogo aliozoea kula. "Hata paka iko analia muzee," walisema. Mama Joséphine alipenda kusikia hivyo. Watoto wake walikuwa wamesharudi Kisangani, na nyumba ilikuwa kimya. Asubuhi alimpakata Komanda, chai ikipoa mezani bila kuguswa. "Siye wawili tunajua," alimnong'oneza.

Wiki ya tatu akaja Clarisse, binti wa dada yake. Alimbeba paka, akakunja uso.

"Tantine, kinywa yake inanuka. Na iko anatoa mate. Tumupeleke kwa munganga."

"Iko na huzuni, mwanangu."

"Huzuni hainukaka hivi."

Félicien, daktari wa wanyama, alimfungua Komanda mdomo taratibu. Nyuma, upande wa kushoto, ufizi ulikuwa umevimba, umejaa usaha.

"Mama, jino imeoza. Njaa anasikia, lakini akitafuna anaumia. Paka wanafichaka maumivu."

"Tangu lini?"

"Pengine mwezi, ao zaidi."

Mama Joséphine alianza kulia. "Nilimuacha aumie," alisema. "Nilitaka mutu wa kulia na miye."

Félicien alimpapasa paka mgongoni. "Pengine alilia pia, mama. Miye ninaweza tu kuona jino."

Alimchoma sindano ya kumlaza, akaling'oa jino, akatoa dawa ya siku saba. Alimwambia mama ampe chakula laini, na awe anamchungulia mdomoni kila wiki.

Kesho yake Mama Joséphine aliponda ndagala kwa maji ya moto. Komanda alilamba, akasita, akalamba tena hadi sahani ikawa nyeupe.

Clarisse alisogeza bugali na sombe ya majani ya muhogo mbele ya Mama Joséphine, ambaye naye alikuwa amekonda.

"Na weye, tantine. Fungua kinywa."

Mama Joséphine alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Alikula nusu sahani.