Maziwa ya Siku za Matanga

Rutayisire alikufa Jumatano asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za buti zake mbele ya mlango. Hakuwa mgonjwa. Alikunywa chai, akalalamika kwamba haina sukari, akatoka. Mkewe Umurerwa alisikia kitu kizito kikianguka nje, akadhani ni kuni. Hilo la kuni lilimchoma kuliko yote: mumewe anakata roho, na yeye anaendelea kupangusa vikombe.

Walimzika Alhamisi, kilimani, upande wa Muheto. Binti yao Estelle, aliyeolewa Walikale, alikuwa bado njiani.

Ijumaa, jua halijapanda vizuri, maziwa yakafika. Nani angeyazuia? Ng'ombe hawajui habari za matanga. Wachungaji tisa walisimama uani na bidoni zao, yaani madumu ya maziwa, kofia mikononi, macho chini. Kwa miaka kumi na minne walikuwa wakimletea Rutayisire maziwa, naye akiyageuza kuwa jibini, ambayo huku Masisi kila mtu huiita fromaji. Kibanda chake cha mbao nyuma ya nyumba kilikuwa kidogo, lakini fromaji yake ilifika Goma, na watu wa huko waliiulizia kwa jina lake.

Delphin, mdogo wake marehemu, aliwaendea wachungaji. "Ba Papa, mutusamehe. Nyumba iko na kilio. Hapa hakuna kazi mupaka siku saba. Mupeleke maziwa kwa yule wa fromaji wa ngambo ya muto."

Hakusema vibaya. Ndivyo desturi ilivyo: nyumba yenye kilio haishiki jembe wala haiuzi kitu mpaka siku ya saba. Lakini Umurerwa aliwajua wachungaji. Mchungaji akishazoea njia nyingine ya asubuhi, ndiyo basi, humwoni tena. Siku saba zilitosha kabisa kukiua kile kibanda, na Umurerwa hakuwa tayari kuzika mara mbili katika wiki moja.

"Mubakie," akawaambia.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe hakuijua. Yaani aliijua yote, kuchuja, kupasha, kukata, kukamua maji, kutia chumvi, isipokuwa jambo moja: kipimo cha dawa, ile inayotengenezwa kwa tumbo la ndama na kuyashikisha maziwa. Ikizidi, fromaji inakuwa chungu. Ikipungua, maziwa yanabaki maziwa. Rutayisire aliitia mwenyewe, amempa kila mtu mgongo. Wala haukuwa uchoyo. Katika ukoo wao waliamini kwamba mwanamume akimfundisha mkewe kazi yake, ameshamkabidhi ujane.

"Na siku utashindwa kuamuka?" Umurerwa alimwuliza mara ya mwisho, mwezi mmoja tu uliopita.

"Unanifukuza ku dunia, Mama Estelle?" Akacheka, akamfinya shavu. "Hiyo kipimo, ukiijua, mimi niko mutu wa kufa."

Mjinga yule. Mjinga mpendwa, aliyempenda mkewe mpaka akamwacha mikono mitupu.

Delphin alimvuta shemeji yake pembeni. "Haujue kipimo. Maziwa ya batu itaharibika mbele ya macho yabo, na haya itabakia ku jina ya kaka yangu. Tufunge tu kibanda."

"Kama inakataa leo, mufunge," akasema Umurerwa. "Sitasema kitu tena."

Papa Sébastien, mkubwa wa wachungaji, akaweka bidoni yake chini, mbele ya mlango wa kibanda. "Anzia na yangu, Mama. Hata ikiharibika, sitasema neno."

Umurerwa akaingia. Mle ndani mlikuwa na harufu ya mumewe, moshi na chumvi, na koti lake la kazi lilining'inia kwenye msumari. Akaligeuzia mgongo, la sivyo asingefanya lolote. Akawasha moto, akapasha maziwa mpaka kidole kikatulia ndani bila kuungua. Kisha akajaza vikombe vitatu. Cha kwanza akakitia tone moja la dawa, cha pili mawili, cha tatu matatu.

Muda aliujua. Rutayisire akishatia dawa alikuwa akitoka nje kusali rozari moja, na rozari ikiisha maziwa yameshika. Basi akatokeza kichwa mlangoni.

"Shemeji, tusalie kaka yako rozari."

Delphin angekataaje kumwombea ndugu yake? Akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, wachungaji wakamfuata. Ilipoisha, Umurerwa akainamisha vikombe. Cha kwanza kilimwagika. Cha tatu kilikuwa kigumu, na alipoonja, kichungu. Cha pili kilitikisika polepole bila kuachia tone. Akapima maziwa ya sufuria kikombe kwa kikombe, akihesabu kwa sauti asije akapotea, akatia dawa matone mawili kwa kila kikombe, akatoka tena.

"Rozari ingine, shemeji."

Hapo Delphin akaelewa anasalia nini. Akapiga magoti tena, akaanza, na kwenye kumi la tatu la rozari sauti ikamkatika. Papa Sébastien ndiye aliyemalizia.

Walipoingia wote kibandani, Umurerwa alikuwa amesimama na kisu juu ya sufuria. Akachoma, akanyanyua. Maziwa yalipasuka safi, na kwenye ule mpasuko maji ya kijani yakachuruzika, jinsi yanavyotakiwa.

"Imeshika," akasema Papa Sébastien, akaiweka kofia kifuani. "Kesho tutaleta."

Wengine wakaitikia kwamba wataleta. Hata Delphin alikuwa akitabasamu huku machozi hayajamkauka. Na Umurerwa, ambaye hakulia kaburini kwa sababu ya wageni wa kupikia, akaanza kulia kwa kwikwi mpaka kisu kikagonga ukingo wa sufuria.

"Sasa unalia nini?" Delphin akamwuliza. "Imeshika. Si njo ulikuwa unataka?"

"Nilizani itakataa," akasema. "Nilizani bila yeye itakataa."

Alijifuta uso kwa kiwiko, akaanza kukata, maana maziwa yakishashika hayangoji.