Mvukaji Pekee wa Daraja la Lugoli

Jumatatu ya tarehe kumi na nane Machi, saa tatu na robo asubuhi, ndipo mambo yangu yalipoharibika. Usiku wa jana nimeiota siku hiyo tena, ila safari hii walikuwepo waheshimiwa.

Kwanza niseme yaliyotokea kweli. Mke wangu Nyamizi, Mama Kashindye, alianza kukatwa na tumbo Ijumaa. Jumatatu nikampakia kwenye baiskeli, nikamsukuma mpaka mto Lugoli. Zahanati iko ng'ambo. Ukisimama huku kwetu unaliona bati lake, unamwona hata tabibu akitoka nje kupiga mswaki. Mto ulikuwa umefika kwenye mizizi ya mikuyu. Daraja hakuna. Kilichokuwepo ni kibao, kikubwa kama mlango wa godauni: MRADI WA UJENZI WA DARAJA LA LUGOLI, na chini yake jina la Idara ya Madaraja Madogo. Nikamlaza Nyamizi kwenye kivuli cha kile kibao, nikaenda kupima maji kwa fimbo. Niliporudi alikuwa amemaliza.

Mtu akiniuliza nani kamuua mke wangu, nanyoosha kidole kwa wakubwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kidole ninacho.

Sasa ndoto.

Nimekaa kwenye ukumbi wa Kamati ya Bunge, ile inayozihoji idara za serikali, nimevaa koti lile nililolivaa siku ya kumzika Nyamizi. Nje mchana kweupe. Hakuna aliyeniuliza nimeingiaje.

"Akidi haijatimia," anasema katibu wa kamati. Wajumbe wako wanne na wanatakiwa saba. Anazitazama chupa tatu za maji zilizo mezani, anaziita moja moja.

"Nipo," inasema ya kwanza.

"Nipo."

"Nipo kwa kiasi," inasema ya tatu, iliyokwisha kunywewa nusu.

Kikao kinaanza.

Mwenyekiti ni mwanamume mnene mwenye sauti laini kama mafuta ya karanga. Mbele yake amekaa Mkurugenzi wa Idara ya Madaraja Madogo, suti ya bluu, begi jeusi miguuni. Kila akiulizwa anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, swali tumelipokea, tutalijibu kwa maandishi." Anafungua begi, swali linaingia lenyewe kama kuku jioni, analifunga. Begi linapiga mbweu.

"Taarifa yenu, ukurasa wa arobaini," anasema Mwenyekiti, "inasema Daraja la Lugoli limekamilika na linatumika. Linatumiwa na nani?"

Hili Mkurugenzi halitii kwenye begi. Hili analijua.

"Linatumiwa na Bi. Nyamizi, Mheshimiwa. Mkazi wa hapo."

"Peke yake?"

"Peke yake. Anavuka kila siku, na hajawahi kulalamika."

Nikasimama. "Huyo alikufa! Na daraja lenyewe halipo!"

Maikrofoni ikanitazama kuanzia shingoni. "Huna tai," ikasema, ikajizima.

Lakini Mwenyekiti alikuwa amesikia. Akafikiri kidogo, akasema, "Mzee, daraja lisilokuwepo linavukwa na mtu asiyekuwepo. Kamati haioni kasoro hapo. Kasoro ingekuwa daraja lisilokuwepo linavukwa na mtu aliyepo, maana huyo angelowa."

Wajumbe wakaandika. Chupa nazo zikatikisa vichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona ameongea sawa.

"Aitwe mvukaji," akasema katibu.

Akaingia Nyamizi.

Amenenepa mashavu. Amejifunga doti nzima ya khanga mpya, inanukia duka. Miguuni viatu vya ngozi vyenye kifungo. Mimi katika miaka ishirini na sita ya ndoa nilimnunulia ndala, na moja ilikatika mkanda nikaishona kwa waya. Mkurugenzi anainuka, anamvutia kiti.

"Ahsante, kaka," anasema Nyamizi.

Kaka! Ni kweli mimi sikuwahi kumsogezea kigoda, lakini kigoda chake kilikuwa cha kusogezwa na mimi. Wivu ulinianza unyayoni, ukapanda mpaka kwenye meno.

"Idara inamtunza," Mkurugenzi akaieleza kamati. "Tangu tulipomwandika kwenye taarifa hajaugua hata mafua."

Nikamwambia, "Mama Kashindye, inuka twende nyumbani."

Katibu akapiga meza. "Mzee! Hapa mtu haongei na shahidi. Unaongea na Mwenyekiti, na Mwenyekiti ndiye anayeongea na shahidi. Ndiyo kanuni."

Basi nikamgeukia Mwenyekiti. "Mwambie twende nyumbani."

Yule mtu akaegemea mbele, akaweka viwiko mezani, na kwa sauti ile ya mafuta ya karanga akasema, "Mama Kashindye. Twende nyumbani."

Nyamizi akainamisha uso akatabasamu. Tabasamu lile nililiona mara ya mwisho mwaka tuliovuna asali madebe tisa.

"Aseme tena," akasema.

Mwenyekiti akasema tena, na mimi sikumtuma.

"Inatosha!" nikapiga kelele.

"Inatosha," Mwenyekiti akamwambia mke wangu, polepole, na ikatoka kama neno zuri kuliko yote.

"Mwulize anakula wapi."

"Unakula wapi, mama?"

"Humo humo kwenye taarifa," akajibu Nyamizi. "Ukurasa wa arobaini ni mzuri, hauna moshi wa kuni. Na hakuna mtu wa kuniuliza nimetoka wapi."

Hilo la mwisho nililisikia likipita karibu na sikio langu, nikajifanya sikulisikia.

"Mwulize kama ananikumbuka."

Mwenyekiti akakohoa. "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka," akasema Nyamizi, akimtazama yeye. Lile jibu likaenda kwake, akalipokea, na hakunipitishia.

Ndipo nikasema, "Mheshimiwa, naomba afutwe."

Mjumbe mmoja, mama mwenye miwani, akaniinamia kama ananionea huruma. "Baba, umefikiri? Akibaki kwenye taarifa anaishi, anavuka kila siku. Akifutwa, hutamwona hapa wala popote."

"Ni marehemu wangu mimi. Kama ni kufa, alifia kwangu. Hawezi kwenda kuishi kwa watu."

"Sisi hatuna ugomvi na mzee," Mkurugenzi akasema kwa upole. "Idara iko tayari kuendelea naye."

"Kuendelea naye! Umemtolea mahari wewe? Umekula ugali wa kwao? Afutwe!"

"Kufuta kunahitaji shahidi wa kifo," akasema Mwenyekiti. "Mzee ulikuwepo alipokata roho?"

"Nilikuwa napima maji."

"Nani alikuwepo?"

Nyuma yangu mtu akakohoa kikohozi cha kutu. Kugeuka, tuko Lugoli. Meza imesimama mchangani, wajumbe wamekunja suruali, chupa za maji zimejificha nyuma ya katibu zisije zikarudishwa mtoni. Aliyekohoa ni kibao cha mradi.

"Naapa kwa misumari yangu minne," kikasema. Kilikuwa na lafudhi ya ofisini. "Nimesimama hapa miaka minne. Kazi niliyopewa ni kutangaza daraja. Kivuli nilikitoa kwa hiari yangu. Mama huyu alikuja kukilalia, na pumzi yake ya mwisho niliipokea mimi."

"Ilikuwa yangu!" nikasema.

"Wewe ulikuwa na fimbo," kibao kikajibu, bila ubaya.

Nilikionea wivu kibao. Sijui kama kuna mwanamume mwingine duniani kaonea wivu mbao na misumari, lakini mimi ningekipiga teke kama si waheshimiwa. "Mwulize alisema nini," nikamwambia Mwenyekiti.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Juzi maji yalikuwa magotini.' Akanyamaza."

Yule mama mjumbe akavua miwani. Akahesabu kwa vidole, jana, juzi. "Juzi ya Jumatatu ni Jumamosi," akasema. "Baba, mgonjwa ameumwa Ijumaa. Jumamosi mto uko magotini, mtoto wa shule anavuka. Kwa nini huyu mama hakuvuka Jumamosi?"

Nikamtazama Mkurugenzi ajibu, maana ndiye anayeulizwa maswali. Naye alikuwa ananitazama mimi, vile fundi anavyomtazama fundi mwenzake aliyekatika kidole. Kisha akainama, akafungua begi lake, na kwa ncha ya kiatu akalisogeza taratibu mpaka mbele ya miguu yangu.

Maneno ninayo. Ng'ambo yuko yule tabibu, kijana wa shati jeupe, anayemwita kila mwanamke "dada yangu" na kumshika mkono eti anahesabu mapigo. Nyamizi alikwenda kwake mara mbili mwezi ule wa pili. Mara ya pili alirudi anaimba. Jumamosi asubuhi alikaa mlangoni, mkono tumboni, akaniambia, "Baba Kashindye, nivushe, hili tumbo si la kawaida." Nikamwambia sijawahi kusikia tumbo linaloponywa kwa kushikwa mkono. Nikachukua kienge changu cha kufukizia nyuki nikaenda kurina asali. Jumapili ikanyesha kutwa nzima.

Haya yote yalikuwa kwenye ulimi. Lakini nilipofungua mdomo nikasikia, "Mheshimiwa Mwenyekiti, swali nimelipokea. Nitalijibu kwa maandishi."

Begi likalimeza. Ndani niliyaona maswali mengine yamekaa, mengi, ya zamani, yakisogeana kulipisha.

"Umepewa siku ishirini na moja," akasema Mwenyekiti.

"Na mama? Afutwe, asifutwe?" akauliza katibu, kalamu mkononi.

"Asubiri jibu la mumewe."

Nyamizi akainuka. Mbele yetu kulikuwa na daraja, sasa naliona vizuri: kurasa zile zile za taarifa, zimegandishwa kwa gundi na kubanwa kwa pini, zimevutwa mpaka ng'ambo. Mkurugenzi akamnyooshea mkono amsaidie kupanda. Nyamizi akautazama ule mkono. Akautazama wa Mwenyekiti, ambao nao ulikuwa umenyooshwa bila kuombwa. Akavua viatu vya ngozi akaviacha mchangani, akaipandisha khanga, akalipita daraja pembeni, akaingia majini.

Maji yakamfika magotini, hayakuzidi.

Nikamfuata na viatu vyangu na koti langu. Baridi ile naijua, ni ya Lugoli. Katikati ya mto akageuka. Katibu akapiga meza, akapiga tena, anasema kanuni, kanuni. Nyamizi hakumjali. Akanitazama mimi, hakupitia kwa mtu, akaniuliza swali.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani ameshanyamaza. Suruali niliyolala nayo ilikuwa imelowa miguu yote miwili, kuanzia chini mpaka magotini, imekata sawasawa kama mtu kapiga mstari. Juu yake pakavu. Na sasa ni Septemba. Lugoli ni mchanga mtupu, wanawake wanachimba shimo kupata ndoo moja.

Nimeianika suruali. Nimechukua daftari alilobakiza binti yetu Kashindye alipoolewa, naandika tangu asubuhi. Habari za Idara zimetoka haraka, kurasa mbili nzima, sikukwama hata neno, na kila kosa lao nimelitaja. Sasa nimefika kwenye swali la Nyamizi. Nimelinakili kama alivyolisema, nimeacha nafasi chini yake, na kalamu imesimama hapo tangu adhuhuri:

"Baba Kashindye, wewe ulitaka nipone kwa mkono wa nani?"